Kuokoa mafaili kabla ya kupiga Windows upya: dalili, visababishi na hatua za kuchukua

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi za shule, steshenari na vyama vya msingi vya ushirika katika mikoa ya Tabora na Kigoma zimekuwa zikiletwa kwa mafundi ili zibadilishiwe mfumo. Kupiga Windows, yaani kuisakinisha, kwenyewe ni kazi nyepesi inayoweza kukamilika kabla ya chakula cha mchana. Uzito wake uko kwenye mafaili, kwa sababu Windows hupigwa tena wakati wowote, ilhali orodha ya malipo ya wakulima ya msimu mzima ikishafutwa haina mahali pa kununuliwa.

Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili, kama wenye kompyuta wanavyozieleza. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea mara nyingi kimetangulia na cha nadra kimewekwa mwisho. Kanuni moja inatumika kote: nakala haihesabiwi kuwa nakala mpaka iwe imefunguliwa kwenye kompyuta nyingine, si ile iliyotengenezewa. Fundi asikubali kufomati, yaani kuisafisha diski nzima, kabla ya hapo, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani.

Mafaili yamo kwenye flashi, lakini kwenye kompyuta nyingine hayafunguki

Hili ndilo tatizo linaloripotiwa kuliko mengine yote. Karani wa chama cha tumbaku anafika kutoka Kaliua na kompyuta ya ofisi na kusema, "Fundi, wewe piga tu Windows, kila kitu nilishahamishia kwenye flashi." Flashi ikichomekwa kwenye kompyuta ile ile, daftari la hesabu linafunguka vizuri na kila mtu anaridhika. Ikichomekwa kwenye kompyuta ya pili, Windows inajibu kwamba haiipati njia ya faili. Ukitazama ukubwa wa faili hilo unakuta KB 2, na kwenye kona ya chini kushoto ya alama yake kuna kishale kidogo kilichopinda. Kilichonakiliwa ni njia ya mkato, yaani shotikati. Daftari lenyewe bado limo kwenye diski C, na ndiyo maana lilikuwa linafunguka pale pale lilipotoka. Kama kompyuta ingefomatiwa baada ya jaribio lile la kwanza, hesabu zote zingekuwa zimekwenda.

Dawa ni kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama hiyo, kuchagua "Open file location", kisha kunakili faili halisi kutoka kwenye folda inayofunguka. Fanya hivyo kwa kila alama yenye kishale iliyoko kwenye Desktop.

Kisababishi cha pili ni kirusi kinachogeuza folda zote za flashi kuwa shotikati na kuficha zile halisi. Flashi inayozunguka kwenye steshenari nne kwa wiki ni vigumu isikutane nacho. Utakitambua kwa kulinganisha: flashi inaonyesha kwamba GB 12 zimetumika, lakini vinavyoonekana ndani havifiki hata MB 1. Usibofye chochote. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike, kwa mfano ikiwa flashi ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda halisi zitajitokeza, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda isiyo na jina. Chukua nyaraka na picha peke yake. Shotikati zenyewe na mafaili yenye mwisho wa .vbs au .exe usiyaingize kwenye Windows mpya, la sivyo utakuwa umemhamisha mgonjwa pamoja na ugonjwa wake.

Kisababishi cha tatu ni OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Windows inaweza kuwa imehamishia Desktop na Documents kwenye OneDrive bila mtumiaji kutambua, na mafaili mengine yakabaki mtandaoni tu huku kwenye kompyuta yakionekana majina. Yenye alama ya wingu hayamo kwenye diski, na bila intaneti hayanakiliki. Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua "Always keep on this device", na usubiri hadi alama zote ziwe za tiki ya kijani. Kwa kuwa nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5 tu, hakikisha pia kwamba haikujaa zamani na kuacha kupokea mafaili mapya.

Cha mwisho, na kinachouma zaidi, ni flashi bandia. Flashi iliyoandikwa TB 2 na kuuzwa kwa bei ya kutupa inaweza kuwa na GB 16 za kweli. Yanayozidi hapo yanaonekana kwa majina na ukubwa wake, lakini ndani hamna kitu. Programu ya bure iitwayo H2testw huandika flashi nzima na kuisoma tena, na inapaswa kutumika kabla ya kuiamini flashi yoyote mpya kwa kazi hii.

Kabla ya kuondoka kwenye dalili hii, linganisha pande mbili. Fungua "Properties" za folda ya asili na za nakala, kisha angalia idadi ya mafaili na mstari wa "Size". Hivyo viwili vinapaswa kulingana. Mstari wa "Size on disk" unaweza kutofautiana kwa sababu ya mpangilio wa diski, na watu wengi hupata wasiwasi bure kwa kuusoma huo.

Kompyuta haifiki kwenye Windows, na mafaili bado yamo ndani

Mara nyingi hapa Windows imeharibika baada ya umeme kukatika ghafla wakati wa kusasisha, na diski yenyewe ni nzima. Hatua ya kwanza ni kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows, na kutazama kama jina la diski linaonekana. Likiwepo, kuna matumaini makubwa. Lisipokuwepo, zima kompyuta, chomoa umeme, kisha hakikisha waya au kiungio cha diski hakijalegea. Kompyuta za mezani zilizosafirishwa kwenye barabara za vumbi kutoka Sikonge au Kibondo hulegea sana sehemu hii, na kuna wateja walioshauriwa wanunue diski mpya kumbe tatizo ni waya.

Diski inayoonekana isomwe bila kuandikwa chochote juu yake. Njia rahisi ni kuwasha kompyuta kwa flashi ya Ubuntu, mfumo wa bure wa aina ya Linux unaotumika badala ya Windows, na kuchagua kuijaribu bila kusakinisha. Hapo utaweza kufungua diski ya Windows, kuingia kwenye folda ya Users na kunakili mafaili kwenda kwenye diski ya nje. Zingatia sana skrini ya mwanzo, kwani ukichagua kusakinisha badala ya kujaribu unaweza kufuta kila ulichokuja kuokoa. Ikiwa Windows ilizimwa ikiwa imelala, au kipengele cha kuwaka haraka (Fast Startup) kiliachwa kikiwa kimewashwa, Ubuntu inaweza kuifungua diski kwa kusoma tu au kukataa kabisa. Kusoma tu kunatosha kwa kazi yetu. Ikikataa, usiilazimishe, tumia njia inayofuata.

Njia hiyo ni kuitoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa kasha la USB. Diski za laptopu za inchi 2.5 hupata umeme wa kutosha kutoka USB, lakini za kompyuta za mezani za inchi 3.5 zinahitaji adapta yake ya umeme. SSD (diski zisizo na sahani ya kuzunguka) nyembamba za M.2 ziko za aina mbili, SATA na NVMe, na kasha la aina moja pekee halitaisoma nyingine. Baadhi ya laptopu za bei nafuu zina hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi. Hizo hazina cha kutoa, na njia ya flashi ya Ubuntu ndiyo pekee.

Ikiwa diski haionekani kwenye BIOS baada ya kukaza waya, na kwenye kompyuta ya pili haionekani pia, acha hapo na usome sehemu ya diski inayogonga.

Kunakili kunaanza vizuri, kisha kunakwama au kunakatika

Tazama kwanza ni faili gani lililokwama. Kama ni video kubwa, kisababishi ni karibu kila mara mpangilio wa flashi uitwao FAT32, ambao haupokei faili linalofikia GB 4, hata kama flashi ina nafasi ya GB 100. Wapiga picha za harusi wa Ujiji na Mwanga, mjini Kigoma, wanaijua adha hii: Windows inadai faili ni kubwa mno, mteja anadhani flashi imejaa. Fomati flashi hiyo, baada ya kuhakikisha haina kitu, kwa exFAT au NTFS.

Pili, angalia mwendo. Kwenye tundu la USB 2.0, diski ya nje hupitisha takriban MB 30 kwa sekunde, hivyo GB 100 huchukua karibu saa nzima. Flashi dhaifu inayoandika MB 8 kwa sekunde itachukua takribani saa 3 na nusu kwa mzigo ule ule. Huko si kukwama, ni mwendo wake. Tumia tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina ulimi wa bluu, na uepuke kugawa tundu moja kwa vifaa vitatu.

Tatu, umeme. Laptopu yenye betri iliyokufa ni sawa na kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya dharura: umeme ukikatika, kunakili kunakatika, na faili lililokuwa njiani linabaki nusu. Kwa sababu hiyo sipendekezi kukopi na kupesti kwa kipanya pale mzigo unapozidi GB chache. Windows ina amri ya robocopy, ambayo ikirudiwa baada ya kukatika huruka mafaili yaliyokwisha kufika na kuendelea na yaliyobaki:

robocopy "C:\Users\Ofisi\Documents" "E:\Nakala\Documents" /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

Sehemu za /R:1 na /W:1 si mapambo. Bila hizo, robocopy hurudia faili lililogoma mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na utakuta asubuhi bado inang'ang'ania faili lile lile. Usiongeze /MIR kwa kuiga maelekezo ya mtandaoni, kwani hufuta kwenye nakala chochote kisichokuwepo kwenye asili. Ukikosea folda, unafuta nakala ya jana. Kazi ikiisha, soma ripoti.txt na utafute mafaili yaliyoshindikana.

Visababishi vya nadra ni majina marefu ya folda zilizopandana hadi njia nzima ikavuka herufi 260, ambapo kufupisha jina la folda ya juu kunatosha, na sehemu mbovu za diski. Ukiona kunakili kunaganda kwenye faili dogo, kompyuta nzima inazubaa, kisha mwendo unashuka hadi sifuri, simamisha kazi. Hiyo ni dalili ya diski inayokufa.

Windows inasema huna ruhusa ya kufungua folda

Diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani bado inamtambua mtumiaji wa zamani. Kwa kawaida kubofya "Continue" kunamaliza mambo. Isipokubali, na diski ikiwa nzima, fungua dirisha la amri kama msimamizi na utumie takeown, kisha icacls, kujimilikisha folda husika peke yake na si diski nzima. Kwa diski yenye mashaka usifanye hivyo, kwa sababu amri hizo huandika kwenye diski. Isome kwa Ubuntu, ambayo kwa kawaida haizuiliwi na ruhusa za Windows.

Mafaili yenye alama ndogo ya kufuli ni habari nyingine. Hayo yalisimbwa, yaani yalifungwa yasisomeke bila ufunguo, na Windows ya zamani, na hayatafunguka bila cheti cha mtumiaji yule. Kama Windows bado inawaka, ingia kwa akaunti yake na uondoe usimbaji huo kabla ya kunakili.

Diski inadai ufunguo wa tarakimu 48

Hiyo ni BitLocker, kinga ya Windows inayoisimba diski nzima. Wengi huapa kwamba hawakuwahi kuiwasha, na mara nyingi wanasema kweli, kwani laptopu nyingi za sasa hujisimba zenyewe pale mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo huombwa diski inapohamishiwa kwenye kompyuta nyingine, au mipangilio ya BIOS inapobadilishwa.

Tafuta ufunguo kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiwasha kompyuta hiyo kwa mara ya kwanza, ambaye anaweza kuwa mhasibu aliyehama miaka miwili iliyopita. Skrini inayodai ufunguo huonyesha utambulisho wa ufunguo huo. Linganisha herufi na tarakimu za mwanzo na zile zilizoko kwenye akaunti, maana akaunti moja inaweza kutunza funguo za kompyuta kadhaa. Kwa kompyuta ya taasisi, muulize afisa TEHAMA kabla ya kugusa chochote. Bila ufunguo au nywila yake hakuna wa kuifungua, na fundi anayeahidi kuivunja kwa malipo ya awali anauza maneno.

Kama Windows bado inawaka, tatizo hili huzuiwa kwa dakika moja. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -status C: kuona kama diski imesimbwa, kisha manage-bde -protectors -get C: ili kuuona ufunguo wenyewe. Uandike kwenye karatasi, na karatasi isitunzwe ndani ya mfuko wa laptopu hiyo hiyo.

Diski inagonga, inasaga, au inapotea na kurudi

Kama inagonga kwa mpigo unaojirudia, zima kompyuta sasa hivi. Usiiwashe tena "kuona kama itakubali", kwa sababu kila kuwasha kunaweza kukwangua sehemu yenye mafaili. Usiifungue kwa bisibisi: kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, na vumbi la Tabora mwezi wa Septemba halihitaji maelezo. Usiiweke kwenye friji. Ushauri huo wa zamani huleta unyevu ndani ya diski na hauponyi kitu. Hapa ndipo kazi ya fundi wa mtaani inapoishia.

Ikiwa haigongi lakini inasuasua, pima afya yake kwa programu ya CrystalDiskInfo. Rangi ya njano au nyekundu, hasa ikiambatana na sekta (vipande vidogo vya diski) zinazosubiri kubadilishwa, inamaanisha uokoe kwanza na utengeneze baadaye. Mafundi wengi hukimbilia amri ya kukagua diski, chkdsk /r, kwa nia njema kabisa, nayo huilazimisha diski mgonjwa kujisoma yote na kuandika upya jedwali lake, na baadhi ya diski hufia hapo. Anza na folda moja yenye thamani kuliko zote: hesabu, matokeo ya wanafunzi, picha zisizopigika tena. Muziki na filamu zisubiri.

Mwenye uzoefu wa Linux anaweza kutumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ambayo husoma kwanza sehemu nzima na kuziacha mbovu kwa raundi za mwisho, huku ikitunza kumbukumbu ya ilipofikia. Inahitaji diski ya kupokea iliyo kubwa kuliko inayookolewa, na inahitaji umakini, kwa kuwa kukosea ipi ni chanzo na ipi ni pokezi hufuta kila kitu. Asiyeizoea asijifunzie kwenye diski ya mteja.

Diski ikibidi kupelekwa kwa wataalamu wa kuokoa data, uliza kwa simu kabla ya kuituma: wanafungulia diski kwenye chumba kisicho na vumbi? Wanatoza nini wasipofanikiwa? Ifunge kwenye mfuko wa kuzuia chaji za umeme, uizungushie sponji nene, na aibebe mtu mkononi. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na buti la basi chini ya magunia si mahali pa diski.

Windows mpya imekaa, lakini kuna kitu hakionekani

Kilichosahaulika mara nyingi si nyaraka za kawaida bali vitu vya programu, na vingi havikai kwenye Documents. Barua pepe za Outlook zinaweza kuwa kwenye faili la .pst ndani ya folda ya Outlook Files. Alamisho na nywila za kivinjari hukaa kwenye AppData, folda ambayo Windows huificha, na ni rahisi zaidi kuzitoa kutoka ndani ya kivinjari chenyewe kabla ya kufomati. Programu za uhasibu na za mauzo ya duka huweka hifadhidata zao zinakotaka, mara nyingine moja kwa moja chini ya C au kwenye ProgramData, hivyo tumia kitufe cha nakala kilichomo ndani ya programu husika. Pia kuna akaunti ya mtumiaji wa pili, yule anayeingia jioni, ambaye hakuna aliyemkumbuka.

Kabla ya kukata tamaa, tazama kama kuna folda ya Windows.old kwenye diski C. Ikiwa Windows ilisakinishwa bila kufomati, mafaili ya zamani humo hukaa kwa kawaida siku 10 kabla ya kufutwa. Yatoe leo.

Folda hiyo isipokuwepo, au kama sehemu ya D ilifomatiwa kimakosa pamoja na C, acha kuitumia kompyuta hiyo papo hapo: usisakinishe programu, usipakue hata ile programu ya kuokoa mafaili, kwa kuwa kila kinachoandikwa kinaweza kukalia faili lililopotea. Zima, toa diski, na uifanyie uokoaji kutoka kompyuta nyingine. Kwa diski ya kuzunguka nafasi bado ni nzuri, ikiwa ilifomatiwa kwa haraka na haijaandikwa sana. Kwa SSD nafasi ni finyu, kwani Windows huiambia SSD ifute kabisa sehemu zilizoachwa, na kufomati peke yake huweza kutosha kuyamaliza yote.

Kwa sababu hiyo, mteja anayeweza kumudu SSD mpya ashauriwe kuweka Windows kwenye hiyo, na diski ya zamani itolewe, ibandikwe karatasi yenye jina na tarehe, na irudishwe mikononi mwake bila kufomatiwa. Ikipita miezi mitatu bila kudai kitu kutoka kwenye diski hiyo, na nakala zake zikiwa zinafunguka, ndipo aamue mwenyewe la kuifanyia.